UZI: Ganzi yako inaishia wapi? Kuhusu neva moja inapobanwa au kujeruhiwa

Mzee wa Viungo

Habari za jioni wanajukwaa.

Wiki iliyopita dada mmoja aliandika humu kwamba vidole vyake hufa ganzi usiku, na kabla saa haijaisha alikuwa ameshapewa majibu lukuki: kiharusi kinamnyemelea, damu imekuwa nzito, amepungukiwa vitamini, amelalia mkono, jirani amemtupia kitu. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza ni vidole vipi. Nimefanya kazi ya fiziotherapia hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na kama ningeruhusiwa kumwuliza mgonjwa wa ganzi swali moja tu, ningemwuliza inaishia wapi. Hiyo ndiyo sababu ya uzi huu, ambao utakuwa mrefu, kwa hiyo mwenye chai aivute karibu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katika Kiswahili chetu "mshipa" umebebeshwa mizigo mingi mno: upo mshipa wa damu, upo mshipa wa fahamu, kano za misuli nazo huitwa mishipa, na hata ngiri huitwa mshipa. Mgonjwa akisema "mshipa umenikaza", mhudumu asiyeuliza zaidi anaweza kuandika ugonjwa wowote anaoupenda. Humu nitatumia neno neva, kama vitabu vya shule, nikimaanisha mshipa wa fahamu peke yake.

Neva ya pembeni hutoka katika ubongo au uti wa mgongo ikaenda hadi kwenye ngozi na misuli, ikiwa imesukwa kwa nyuzi nyingi ndogo kama kamba ya jarife. Nyuzi nyingine hupeleka amri ya kukunja au kukunjua, na nyingine hurudisha habari za joto, mguso na maumivu. Kila neva ina himaya yake: kipande fulani cha ngozi na misuli fulani, havibadiliki sana kutoka mtu hadi mtu. Ndiyo maana neva moja ikidhurika, ugonjwa huwa na mpaka ambao mtu anaweza kuuchora kwa kalamu ya wino juu ya ngozi. Mwenye kisukari cha muda mrefu ambaye miguu yote miwili inawaka moto tangu vidoleni kupanda juu, kama amevaa soksi, hana ugonjwa wa neva moja. Nyingi zimeathirika kwa pamoja, zikianza zile ndefu. Aliyepooza mkono na mguu wa upande mmoja, mdomo umepinda na maneno yamevurugika, tatizo lake liko kwenye ubongo, na huyo asikae kusoma uzi huu bali apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Sasa nianze na neva ninayokutana nayo kuliko zote, neva ya mediani, kwa sababu mji wetu umejaa kazi zinazoiumiza. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kujengwa hapa miaka ya 1990, watu wengi wamekuwa wakisimama kwenye baridi wakishika kisu kwa nguvu na kukunja kifundo cha mkono mara maelfu kwa zamu moja. Kwenye kifundo hicho pana handaki jembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni ukano mgumu uliotandazwa kama mkanda. Ndani yake hupita kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva hiyo moja. Kano zikivimba, au mwili ukihifadhi maji, kano hazisikii kitu, lakini neva inabanwa kama abiria wa mwisho kwenye daladala ya Igoma.

Mgonjwa huyo huamka usiku, mara nyingi saa nane au saa tisa, akiukung'uta mkono kama anayeshusha kipimajoto cha zamani. Ganzi yake huchukua kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu iliyotazamana na cha kati. Kidole cha mwisho kinabaki salama. Hapo ndipo swali langu linapolipa, kwa sababu mgonjwa husema "mkono wote umekufa" mpaka umfumbe macho na kumpitishia pamba, ndipo yeye mwenyewe anaposhangaa kwamba mstari unapita katikati ya kidole kimoja. Tatizo likiwa shingoni, mahali mizizi ya neva inapotokea, mara nyingi kidole cha pete hakigawanyiki hivyo. Tena ngozi ya kiganja chini ya gumba kwa kawaida hubaki na fahamu, kwa kuwa tawi linaloihudumia hupita juu ya handaki na si ndani yake. Ugonjwa ukiachwa, nyama iliyo chini ya gumba husinyaa, na mtu huanza kudondosha vikombe bila kujua kwa nini.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni kukutanisha migongo ya viganja viwili huku vifundo vimekunjwa kuelekea chini, ukatulia hivyo kwa sekunde 60. Ganzi ikitokea kwenye vidole nilivyovitaja, shaka inaongezeka, ingawa kipimo hiki peke yake hakitoshi kumhukumu mtu.

Neva ya alna ni ile inayokuletea shoti ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza. Yenyewe inamiliki kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Huumia kwa wanaoegemea viwiko saa nyingi au kulala mkono umekunjwa. Kuna jambo dogo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau: ganzi ya alna haipandi mkononi zaidi ya eneo la kifundo. Mtu akiwa na ganzi ya kidole cha mwisho pamoja na upande wa ndani wa mkono kuelekea kiwiko, natazama shingo na kwapa kwanza, kwa sababu ngozi ya hapo inahudumiwa na neva nyingine. Kipimo chake nakipenda kwa urahisi wake: mpe mgonjwa karatasi aishike kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha ivute. Mwenye alna dhaifu hulazimika kukunja ncha ya gumba ili isimponyoke. Daktari Mfaransa Jules Froment alikieleza mwaka 1915 akiwatumia askari waliojeruhiwa, naye alitumia gazeti.

Neva ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, ikiwa imeulalia kabisa. Ajali ya bodaboda ikivunja mfupa huo, neva nayo iko hatarini. Vilevile mtu aliyelewa akalala kwenye kiti, mkono umening'inia juu ya egemeo, anaweza kuamka kiganja kimelegea na hawezi kukiinua. Ulaya madaktari waliupa ugonjwa huo jina la usiku wa Jumamosi, nasi tuna Jumamosi zetu. Anayetembelea magongo marefu kupita kimo chake naye huibana kwapani. Ndugu huwa wameshapiga simu kijijini kwamba mzee amepata kiharusi. Kabla ya kuzika matumaini, inua kifundo chake kwa mkono wako, kisha mwambie afinye vidole vyako. Kama ni radiali, nguvu ya kufinya inarudi, kwa sababu misuli ya kufinya haikuwa na shida ila ilikosa egemeo. Hata hivyo yapo madoa madogo ya kiharusi yanayoiga hali hii vizuri sana, kwa hiyo udhaifu wowote wa ghafla uonwe na daktari siku hiyohiyo.

Upande wa miguu, neva ya peronea inapita juu kabisa chini ya ngozi, upande wa nje, kidole kimoja au viwili chini ya goti, ikiwa imezungushwa kwenye shingo ya mfupa mwembamba. Haina nyama ya kuikinga. Nimewapokea wavunaji wa mpunga kutoka Magu na Misungwi waliochuchumaa na mundu tangu alfajiri, wakasimama mchana unyayo mmoja haupandi. Huyo akitembea hunyanyua goti juu kama anayevuka dimbwi, na kandambili humvuka njiani asijue. Hogo lililobana chini ya goti hufanya vivyo hivyo, na mtu aliyekonda haraka baada ya ugonjwa mrefu hupoteza hata kile kimto kidogo cha mafuta kilichokuwa kikimsaidia. Ili kuitofautisha na siatika, yaani maumivu ya mzizi wa neva yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni, mwambie ageuze unyayo kuelekea ndani, kama anayetaka kuutazama wayo. Mwenye peronea ataweza. Mwenye mzizi wa kiunoni ulioathirika mara nyingi atashindwa.

Kuhusu kupona, mengi yanategemea neva imeumia kiasi gani. Mwaka 1943 mpasuaji Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha haya katika daraja tatu, na mpaka leo tunayatumia. Ya kwanza ni neva iliyominywa tu, ganda la nyuzi limechubuka lakini nyuzi zenyewe ni nzima; hiyo hurudi ndani ya siku au wiki, mara nyingine miezi miwili au mitatu. Ya pili nyuzi za ndani zimekatika lakini mirija inayozishika imebaki, kwa hiyo zinaweza kuota upya zikifuata njia ya zamani. Ya tatu ni neva iliyokatika yote, ambayo haijiungi bila mpasuaji.

Kuota huko kuna mwendo wake, takribani milimita moja kwa siku. Chukua rula upime. Kama jeraha liko katikati ya mkono wa juu na msuli wa kwanza unaosubiri uko sentimita 12 mbele, tarajia miezi minne, na usimlaumu mtaalamu mwezi wa pili. Lakini misuli nayo haisubiri milele. Ikikaa bila neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, huanza kugeuka kuwa kitu kisichoamrika tena. Kwa hiyo jeraha la kisu au panga lenye ganzi mbele yake lisishonwe ngozi tu. Kabla ya uzi wa kwanza, mtu aulizwe kama anasikia ncha za vidole.

Mtakaotaka kufuatilia safari hiyo wenyewe, gongeni polepole kwa ncha ya kidole kando ya njia ya neva. Mahali nyuzi changa zilipofika patatoa msisimko kama wa umeme, na wiki hadi wiki mahali hapo panapaswa kusogea mbele. Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann walieleza dalili hiyo mwaka uleule wa 1915, kila mmoja akiwa upande wake wa vita.

Nitaishia hapa kwanza. Karibuni kwa maswali.

Binti wa Mwaloni

Shikamoo Mzee wa Viungo. Nakata minofu mwaka wa nne sasa, na nina ujauzito wa miezi saba. Kila usiku naamka vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekufa, cha mwisho hakina shida, kama ulivyoeleza. Nilinunua vidonge vya vitamini kwenye duka la dawa, nimemaliza kopo zima bila mabadiliko. Je, nitahitaji upasuaji, na mtoto atadhurika?

Mzee wa Viungo

Marahaba binti yangu, na hongera kwa ujauzito. Mtoto hahusiki kabisa na neva hiyo. Mimba hufanya mwili uhifadhi maji, handaki linajaa, na ile kazi ya kisu ilikuwa imeshalibana tangu zamani. Kwa wajawazito wengi hali hii hupungua yenyewe baada ya kujifungua, kwa hiyo upasuaji si jambo la kulifikiria leo, isipokuwa nyama ya gumba imeanza kusinyaa.

Kinachokufaa sasa ni banzi jepesi la kifundo, livaliwe usiku kucha, kifundo kikiwa kimenyooka bila kukunjwa mbele wala nyuma. Watu wengi hukaza bandeji kwa nguvu wakidhani ndiyo tiba, kumbe wanaongeza kubana. Jipe wiki sita. Kliniki ya wajawazito waeleze dalili hii na uulize kipimo cha sukari, kwa sababu kisukari huzifanya neva ziwe nyepesi kuumia, na tezi ya shingo ikilegea nayo huleta handaki lilelile. Ikiwa baada ya kujifungua hali itaendelea, ipo sindano ya steroidi inayochomwa pembeni ya neva, na mwisho upo upasuaji mdogo wa kuukata ule ukano wa juu, ambao kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mkono peke yake.

Kuhusu vitamini, haziwezi kupanua handaki. Zina kazi yake kwa aliyepungukiwa, kama mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi, ambaye hupewa vitamini B6 ili neva zake zisiharibike. Ila B6 hiyohiyo ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu bila sababu, yenyewe huharibu neva. Kwa hiyo kopo la pili usilinunue.

Baba Kulwa

Mkuu, naheshimu taaluma yako, lakini nina ushahidi wa macho yangu. Shemeji yangu wa Buhongwa aliamka mkono umelegea kama ulivyoeleza kwenye radiali. Hospitali wakamwambia asubiri. Tukampeleka kwa mama mmoja anayechua kwa mafuta na majani, na baada ya wiki tano mkono ukainuka. Kama neva ina mwendo wa milimita moja kwa siku, yule mama aliiharakisha vipi?

Mzee wa Viungo

Ndugu yangu, swali lako ni zuri na nimeulizwa mara nyingi na watu wenye nia njema. Jibu liko kwenye daraja la kwanza la Seddon. Shemeji yako alilalia mkono, neva ikaminywa, nyuzi hazikukatika. Hakukuwa na kitu cha kuota upya kwa milimita, kwa hiyo ile hesabu haimhusu. Neva za namna hiyo hurudi zenyewe katika muda huohuo wa wiki tano, sita, hata kumi, na yeyote aliyekuwa ameushika mkono wiki hiyo hupata sifa, awe mama wa mafuta au mimi mwenyewe. Nimepokea kuku zaidi ya mara moja kwa kazi ambayo mwili uliifanya peke yake.

Sina ugomvi na kuchua kwa upole. Viungo havikakamai, na mgonjwa anajisikia kushughulikiwa, jambo ambalo neno "subiri" halimpi. Ninachogombana nacho ni vitu viwili. Cha kwanza ni maji ya moto na mawe ya moto juu ya ngozi isiyosikia: nimeona malengelenge makubwa kwa watu ambao hawakujua kuwa wanaungua. Cha pili ni chale kwenye kiungo chenye ganzi, kwa sababu kidonda kisichouma hakitunzwi. Na kama hospitali walisema asubiri bila kumpa banzi la kukishikilia kifundo na bila tarehe ya kurudi, basi hapo walimnyima haki yake.

Mlinzi wa Kona

Mimi nina paja. Upande wa nje wa paja la kushoto unawaka na ngozi haisikii vizuri, eneo kubwa kama kiganja na vidole vyake. Mguu una nguvu zote. Nimeambiwa ni nyonga imelika.

Mzee wa Viungo

Vaa mkanda uliolegea, ndugu mlinzi. Ipo neva ya ngozi tupu, haina msuli hata mmoja, inapita chini ya pembe ya nyonga pale mkanda mpana wa kazi unapokaza, hasa kama tumbo nalo limeongezeka. Ndiyo maana nguvu hazikupungua. Pumzisha eneo hilo kwa wiki kadhaa, na kama goti likianza kulegea au ganzi ikivuka kwenda mbele ya paja au chini ya goti, basi nilikosea na unahitaji kuonwa.

Mama Doto

Nimesoma uzi huu nikiwa nalia. Mwanangu wa miaka mitatu alichomwa sindano ya tako kwenye zahanati moja alipokuwa na homa. Alipiga kelele isiyo ya kawaida, na tulipomshusha alikuwa anauburuta mguu. Sasa ni wiki ya tatu, unyayo unaning'inia. Pale waliniambia ni homa imeshukia mguuni na kwamba atazoea. Je, nimechelewa?

Mzee wa Viungo

Pole sana mama. Hujachelewa, ila usingoje tena hata siku mbili.

Unavyoeleza, kelele palepale na mguu kulegea palepale, kunaelekeza kwenye neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo hupita katikati ya tako kwenda chini. Sindano ikiingia karibu nayo, au dawa yenyewe ikiichoma, upande wa neva unaokwenda kwenye peronea ndio huumia zaidi. Kwinini ya kuchoma takoni ilileta visa vingi vya namna hii zamani. Kwa watoto wadogo mahali salama zaidi ni paja, upande wa mbele kuelekea nje, na kila mzazi ana haki ya kuomba sindano ichomwe hapo, au kuuliza kama dawa ya kunywa haitoshi.

Hata hivyo nakuomba jambo moja ambalo litakushangaza. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, sababu yoyote iwayo, hutakiwa kutolewa taarifa kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio, na sampuli mbili za choo huchukuliwa. Homa na sindano vilivyokuja pamoja havituruhusu kukisia. Polio haileti ganzi, ni misuli tu inayolegea. Kwa hiyo wamwangalie kama anasikia mguso juu ya unyayo. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, au Bugando kama utapewa rufaa, na ueleze tarehe ya sindano.

Wiki ya tatu ina umuhimu wake pia. Kipimo cha umeme wa neva, mahali kinapopatikana, husoma vizuri kuanzia hapo, kwa sababu nyuzi zilizokatika huchukua siku kadhaa kufa mbele ya jeraha. Kikifanywa siku ya pili kinaweza kudanganya kuwa kila kitu ni kizima. Wakati huohuo mtoto atengenezewe banzi la kuushikilia unyayo usikakamae ukielekea chini, umnyooshe kifundo mara kadhaa kwa siku, avae viatu vilivyofunika, na uukague wayo kila jioni kwa mwanga, kwa kuwa hataweza kukuambia amechomwa na mwiba. Mguu wake ni mfupi. Kama neva italazimika kuota sentimita 25 au 30, ni miezi minane hadi kumi, ambapo mtu mzima angesubiri mara mbili ya hapo. Ikipita miezi mitatu bila dalili yoyote ya kurudi, uliza kuhusu mpasuaji wa neva.

Nesi wa Zamu

Mzee wa Viungo, umetenda haki kwa mikono na miguu, lakini umeruka uso, na huku kwetu ndiko watu wanakopoteza siku. Mgonjwa anaamka nusu ya uso imeanguka, jicho halifungi, chai inamwagika pembeni ya mdomo, wanasema ni upepo mbaya, na anazungushwa wiki nzima. Neva ya uso ni neva moja kama hizo nyingine, na ikipooza tunauita ugonjwa wa Bell, kwa jina la Charles Bell wa Uskoti. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Kama paji lote la upande ule halikunjiki, neva yenyewe ndiyo imelala. Kama paji linakunjika vizuri na mdomo tu ndio umepinda, shuku kiharusi na umkimbize. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Jicho litiwe matone na lifungwe usiku, maana konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikikauka hasara yake ni kubwa kuliko mdomo uliopinda. Tunampima pia VVU, na tunatazama sikio kama lina malengelenge ya mkanda wa jeshi.

Mzee wa Viungo

Nakiri kosa, Nesi. Sisi wa viungo hujisahau kwamba binadamu ana kichwa. Niongeze tu kwamba walio wengi hupona vizuri, na kwamba mazoezi ya uso mbele ya kioo, polepole na bila kukaza, ni bora kuliko kutafuna bigijii kwa nguvu mchana kutwa kama wanavyoshauriwa mitaani.

Kijana wa Nansio

Naomba kuuliza kwa niaba ya baba mdogo, yuko Ukerewe, ni mvuvi wa dagaa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimejikunja kama kucha ya mwewe, havinyooki. Anasema havimuumi kabisa, ndiyo maana hajaenda popote. Mwezi uliopita aliunguzwa na taa ya karabai akatambua kwa harufu. Nyuma ya mkono huohuo ana baka la rangi iliyofifia. Nilipomgusa kiwiko upande wa ndani nilisikia kitu kinene kama kamba.

Mzee wa Viungo

Kijana wangu, umemchunguza baba mdogo vizuri kuliko baadhi ya tuliosomea. Hiyo ni neva ya alna, na kamba uliyoigusa ndiyo yenyewe, imevimba. Neva nene kiwikoni, ngozi yenye baka lisilosikia, na kuungua bila maumivu, vikikutana kwa mtu mmoja lazima ukoma ufikiriwe kwanza kabla ya jambo jingine. Najua neno hilo linavyotisha kijijini, kwa hiyo mweleze taratibu. Kimelea chake kiligunduliwa na Armauer Hansen kule Norwei mwaka 1873, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 unatibiwa kwa dawa za mchanganyiko, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na hali. Dawa hizo hutolewa bure. Akianza tu kumeza, hawezi kuendelea kuwaambukiza walio nyumbani, na hakuna haja ya kumtengea sahani.

Kinachonipa haraka ni neva. Vidole vikiwa vimejikunja kwa miezi michache tu, prednisoloni chini ya usimamizi wa daktari inaweza kurudisha sehemu ya nguvu. Vikikaa miaka, tutabaki na mazoezi na upasuaji wa kuhamisha kano. Amepoteza lini uwezo wa kuvinyoosha? Na je, mnaweza kumtazama wayo na nyusi, na kugusa chini ya goti upande wa nje, kama kuna kamba nyingine? Neva zaidi ya moja zikiguswa mbalimbali mwilini, kila moja kwa wakati wake, hiyo ni dharura hata kama sababu si ukoma.

Kijana wa Nansio

Vidole ni tangu mwezi wa pili. Nyusi zipo. Chini ya goti la kulia ipo kamba, nimempigia simu sasa hivi mama mdogo akagusa. Anauliza aende kituo gani.

Mzee wa Viungo

Aanzie hospitali ya wilaya hapohapo Nansio, aombe mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya; kila wilaya anaye. Asivuke kuja Mwanza kwanza, atapoteza siku na nauli. Na watoto wote wanaolala nyumba ile wakaguliwe ngozi wakati uleule.

Kijana wa Nansio

Leo wameshaingia ziwani. Mama mdogo atamsubiri mwaloni alfajiri, wataondoka moja kwa moja.